Na Wenziwe

Mashine tuliinunua Changamwe,
kwa shule iliyokwisha choka nayo;
miaka kumi na mitatu yachapa mitihani,
ikapandishwa mkokoteni, ikavuka Makupa
imefunikwa pazia la chumbani kwetu.

Tulipoiwasha, kabla hatujailisha chochote,
ilitema karatasi yenyewe:
stensili ya mwisho ingali imevishwa ngomani.
*Swali la saba. Taja*
na hapo imeraruka.
Taja nini? Swafiya alicheka hadi akakaa chini.
Alama kumi, pembeni palisema.

Sasa ni majalada mia tatu ya santuri.
Fundi huiita silinda. Sie twaiita ngoma
kwa kuwa yazunguka, kwa kuwa imewambwa,
kwa kuwa ukiigonga ubavu yaitika.
Tunazo mbili tu: ya buluu,
na ya nyekundu iliyokula kodi ya Machi.
Buluu kwanza. Ngoja.
Kisha nyekundu juu yake, na zinapokutana
pazuka zambarau ambayo hatukuinunua.

Wino wa soya haukauki. Hulala juu ya karatasi
kama mgeni asiyejua atalazwa wapi.
Na Mei hii Kibokoni kuta zatoka jasho;
rimu lafunguliwa asubuhi, adhuhuri limejikunja kama papadi.
Tumewasha balbu, tumetia mchele kwenye soksi,
Swafiya apepea kwa kifuniko cha sufuria,
na bado, kila baada ya arubaini hivi, kraa!
Natia mkono hadi kiwiko
namtoa mwimbaji, kakunjika uso.

Mwanakombo binti Shee hayupo tena duniani.
Picha yake ni moja, ya studio,
yuwatazama kando, kana kwamba kuna mtu kachelewa.
Jalada la zamani lilimtaja yeye
na chini, kwa herufi za sisimizi: *na wenziwe*.
Nasi tukanakili vivyo hivyo kwenye kikaratasi cha ndani.
Tulidhani ndiyo heshima.

Jumatano akaingia bibi na mfuko wa dawa, katoka Makadara.
Akachukua kikaratasi, kikamshika dole.
Akasoma. Akageuza. Akasoma tena.
"Hao *wenziwe*," akasema, "ndimi mie."

Nikazima mashine.

"Fidla ni mie. Kile kilio cha mwanzo,
kabla Mwanakombo hajafumbua kinywa,
ni mie, na mimba ya miezi saba,
fidla nimeipakata ubavuni, tumbo halikuniachia nafasi."
Nikampa kalamu aandike jina,
na karatasi iliyokuwa karibu;
ikawa ile ya Swali la saba.
*Barke Mselem*, akaandika, mbele ya *Taja*.
Swafiya hakucheka.

Vikaratasi mia tatu vilikuwa tayari.
Swafiya akapiga hesabu ya karatasi, mimi ya wino,
tukapata jibu moja: hatuna uwezo wa kuvitupa.
Basi tukavirudisha mashineni,
ngoma nyekundu, jina hilo tu,
juu ya lile neno la buluu.

Halikukaa sawa. Riso haikumbuki
ilipokanyaga jana.
Hapa limepanda. Hapa limeteleza, lasomeka *wenziBarke*.
Pale limelifunika neno lote, zambarau tupu.
Na kuna moja lililokwenda hadi ukingoni
peke yake, jekundu,
kama mtu aliyetoka ukumbini kupunga upepo.

Nikaanza kumtaka radhi.
Akaokota kama kumi hivi, akavipanga mezani,
akavitazama kimoja kimoja, muda mrefu, bila miwani.
"Hata siku ile," akasema, "sikuingia kwa wakati."

Akaenda na kile cha ukingoni.
Mlangoni akajipangusa kidole kwenye fremu.
Alama ingalipo. Nimeigusa leo asubuhi,
haijakauka.